HEKALU LA AMANI NDANI YA MAPANGO YA MAUTI

Na Mwandishi Wetu

MZAZI mwenye kijana na kompyuta nyumbani anaweza siku moja kusikia neno litakalomfanya aweke gazeti lake kando. Kijana ameinamia kioo, vidole vyake viko juu ya vibonye, naye anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayechagua shati la kuvaa: "Sasa nachagua mungu."

Katika nyumba zetu, ambamo jina la Mwenyezi Mungu halitajwi kwa mzaha, mshtuko wa mzazi huyo si jambo la ajabu. Wako watakaoizima mashine papo hapo. Wako watakaonyamaza huku moyo ukiwadunda. Na wako wachache watakaovuta kiti, wakaketi, wakauliza: "Mungu gani huyo, na unamchagua ili iweje?" Makala haya yameandikwa kwa ajili ya hao watakaouliza, kwa maana wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Miongoni mwa michezo ya kompyuta ambayo ndani yake mchezaji huchagua mungu, upo mmoja wenye sifa ya pekee. Mchezo huo umejaa hatari kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini mtungaji wake alitenga mahali pamoja pasipo na adui hata mmoja, mahali palipowekwa kwa ajili ya kazi moja tu: kusimama, kufikiri na kuamua. Mahali hapo ndipo tunapokusudia kupazungumza leo.

SUPU YA MAWE

Mchezo wenyewe huitwa Dungeon Crawl Stone Soup. Maneno mawili ya kwanza yanaeleza safari ya kupenya katika mahandaki na mapango ya chini ya ardhi. Maneno mawili ya mwisho yana maana ya "supu ya mawe".

Aliyeuanzisha ni mtungaji aitwaye Linley Henzell, ambaye alianza kazi hiyo mwaka 1995 na kuutoa hadharani mwaka 1997. Baadaye aliuachia mikononi mwa wengine, na kwa muda kazi ya kuuendeleza ikazorota. Ndipo kundi la watu wa kujitolea lilipouchukua na kuutoa upya mwaka 2006, likiongeza katika jina lake maneno hayo ya supu ya mawe. Maneno hayo yanatokana na hadithi ya kale ya Ulaya. Wasafiri wenye njaa waliingia kijijini na sufuria tupu, wakatia jiwe ndani ya maji ya moto na kutangaza kwamba wanapika supu. Mwanakijiji mmoja akaona huruma akaleta kitunguu, wa pili akaleta karoti, wa tatu akaleta kipande cha nyama, na hatimaye kijiji kizima kikashiba kwa chakula ambacho hakuna mtu mmoja aliyekuwa nacho nyumbani kwake.

Jina hilo linaufaa mchezo huu. Hakuna kampuni inayoumiliki kwa ajili ya faida. Watu wa nchi mbalimbali wameutengeneza kwa kujitolea, huyu akirekebisha sheria, yule akichora picha, mwingine akiandika maelezo. Hupakuliwa bure katika intaneti, na mtu anaweza hata kuucheza ndani ya intaneti kwenyewe bila kulipa chochote. Haumwuzii mtoto silaha kwa fedha za baba yake, kama ifanyavyo michezo mingi ya siku hizi.

Kwa nasaba, ni mjukuu wa mchezo wa zamani uitwao Rogue, uliotungwa karibu na mwaka 1980 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Marekani, Michael Toy na Glenn Wichman. Katika mchezo huo wa zamani hapakuwa na picha. Shujaa, adui na kuta vyote vilionyeshwa kwa herufi na alama za taipu. Urithi wake mkubwa ni mambo mawili. Jambo la kwanza ni kwamba ramani ya mapango hubuniwa upya kila mchezo unapoanza, hivyo hakuna awezaye kuikariri. La pili ni kwamba shujaa akifa, amekufa. Kumbukumbu yake hufutwa, na mchezaji hurudi orofa ya kwanza mikono mitupu, akiwa na shujaa mwingine na ramani nyingine.

Ni muhimu msomaji alielewe jambo hili la pili kabla hatujaendelea, maana ndilo linalolipa hekalu uzito wake. Katika michezo mingi, mtu akikosea hurudi nyuma hatua moja akajaribu tena. Hapa hakuna kurudi nyuma. Uamuzi uliokwisha kufanywa umefanywa.

MAHALI PASIPO ADUI

Safari yenyewe ni hii. Shujaa huingia katika pango kuu ambalo, katika matoleo ya miaka hii, lina orofa 15 kwenda chini, pamoja na matawi mengi ya pembeni. Kusudi lake ni kulitwaa Tufe la Zot, lililofichwa katika kina cha mwisho, kisha kupanda nalo hadi juu kwenye mwanga. Ili lango la Zot limfungukie, hana budi kwanza kukusanya angalau mawe 3 yenye maandishi ya ajabu kati ya mawe 15 yaliyotawanywa katika matawi hayo. Njiani kuna mazimwi, majoka, mizuka na wachawi, na wachezaji walio wengi mno hufia huko huko bila kuliona Tufe hilo hata kwa mbali.

Sasa basi, mahali fulani kati ya orofa ya nne na ya saba kuna ngazi ya kuingilia Hekalu la Ekumeni. Neno hilo la asili ya Kigiriki lilikuwa na maana ya dunia yote inayokaliwa na watu, na mzizi wake ni neno la Kigiriki la nyumba. Wakristo hulitumia wanapozungumzia umoja wa makanisa. Watungaji wa mchezo walilitumia kuonyesha kwamba hapa ni nyumba moja ya miungu mingi.

Hekalu lina orofa moja tu. Humo huzaliwi zimwi hata moja, wala hapana hazina ya kuokota. Kuna kuta, wakati mwingine chemchemi za maji, na madhabahu. Katika mchezo wa herufi kila madhabahu huonyeshwa kwa kistari kifupi cha chini. Katika mchezo wa picha kila moja ina umbo na rangi yake. Idadi yake hubadilika kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Miungu ya mchezo huu imezidi 20, na si yote inayopata nafasi chini ya paa hilo. Madhabahu za mingine hutawanywa nje, katika orofa za pango lenye hatari.

Mchezaji afikapo hapo huwa amekwisha kuponea chupuchupu mara kadhaa. Amezoea kuchungulia kila kona, kuhesabu kila pigo, kukimbia kila asipoweza. Ghafla anakuta ukimya. Wachezaji wa siku nyingi husimulia jinsi mabega yao yanavyolegea wakanyagapo ngazi ya Hekalu.

Walakini, amani hiyo ina masharti mawili ambayo mchezaji mgeni hujifunza kwa machungu.

Sharti la kwanza: Hekalu halizai adui, lakini halimzuii adui uliyekuja naye. Kwa sheria ya mchezo, zimwi lililo ubavuni mwako wakati unaposhuka ngazi hushuka pamoja nawe. Mtu anayekimbilia Hekaluni huku adui amemshika mkia hugeuza nyumba ya amani kuwa uwanja wa vita.

Sharti la pili: amani hiyo haizalishi kitu. Hekaluni shujaa haongezi ujuzi kwa kupigana, hapati silaha, hasogei hatua moja kulielekea Tufe. Katika matoleo ya kabla ya mwaka 2021, ambapo mashujaa walikuwa wakisikia njaa, mtu aliyekawia humo bila sababu aliweza kumaliza chakula chake akiwa salama salimini. Usalama peke yake haukumlisha.

AHADI AMBAYO BINADAMU ALIIVUNJA

Wazo la nyumba takatifu isiyoguswa na upanga si geni duniani. Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka miji 6 ya makimbilio, iliyotengwa kati ya Waisraeli ili mtu aliyeua bila kukusudia asiuawe na mlipiza kisasi kabla ya kuhukumiwa. Waislamu wanafahamu kwamba eneo takatifu la Makka ni haram, na humo hata kuwinda mnyama kumekatazwa. Wagiriki wa kale nao waliamini kwamba mtu aliyeishika madhabahu asiondolewe kwa nguvu.

Lakini historia inaonyesha pia jinsi binadamu walivyozivunja ahadi hizo. Yoabu, jemadari wa Mfalme Daudi, alikimbilia hemani akazishika pembe za madhabahu; hata hivyo Mfalme Sulemani aliamuru auawe papo hapo. Katika mji wa Athens, karne ya 7 kabla ya Kristo, mtu mmoja aitwaye Cylon alijaribu kuitwaa serikali, akashindwa. Wafuasi wake walikimbilia patakatifu pa mungu Athena. Wakatolewa kwa ahadi kwamba hawatadhuriwa, kisha wakauawa. Ukoo wa wakuu waliolaumiwa kwa tendo hilo uliitwa uliolaaniwa, na vizazi vingi baadaye maadui zake walikuwa wangali wakiutupia aibu hiyo usoni.

Hata lile wazo la miungu mingi chini ya paa moja lina mfano wake wa mawe na chokaa. Mjini Roma liko jengo la Pantheon, ambalo jina lake la Kigiriki linahusu miungu yote. Lilijengwa upya na kukamilika katika utawala wa Hadrian, karibu na mwaka 126, na mwaka 609 likageuzwa kuwa kanisa. Kuba lake lingali limesimama hadi leo.

Tofauti iliyopo ni moja, nayo inafikirisha. Huko Athens, usalama wa mtu madhabahuni ulitegemea neno la wale waliosimama nje na mapanga. Katika Hekalu la mchezo, usalama umeandikwa ndani ya sheria za mashine, na mashine haina hasira wala siasa. Kompyuta hutimiza bila jitihada ahadi ambayo binadamu walishindwa kuitimiza. Kijana anayeonja amani hiyo na ajue kwamba katika dunia halisi mahali pa amani hapalindwi na programu. Hulindwa na watu wenye kushika neno lao.

KILA MADHABAHU NA MWIKO WAKE

Turudi ndani. Mchezaji husimama juu ya madhabahu, na kabla hajafungamana na mungu huyo, kioo humwonyesha maelezo yake: ni mungu wa nini, hutoa nguvu zipi, hupenda nini, huchukia nini. Upo hata ukurasa unaoeleza ghadhabu yake kwa mtu atakayemwacha. Kisha huulizwa kama kweli ameamua. Hakuna anayedanganywa. Anayeumia baadaye huwa ameumizwa na jambo lililokuwa limeandikwa mbele ya macho yake.

Yupo Trog, mungu wa hasira na mapigano. Humpa mfuasi wake silaha, humpandisha mori vitani, na humletea ndugu wa kumsaidia. Mwiko wake ni mmoja tu, nao ni mzito: mfuasi asifanye uganga wowote. Yupo Sif Muna, mlezi wa elimu ya uganga, ambaye zawadi zake ni vitabu. Yupo Elyvilon wa uponyaji, ambaye mfuasi wake huweza kumtuliza adui badala ya kumwua. Yupo Gozag, ambaye maiti za maadui hugeuka dhahabu mbele ya mfuasi wake, naye mfuasi hununua kwa dhahabu hiyo kila msaada anaouhitaji. Kwa Gozag hakuna cha bure.

Yupo Cheibriados, ambaye msomaji wa Kiswahili atamtambua mara moja. Huyu ni mungu wa mwendo wa polepole. Anayemfuata hutembea taratibu kuliko viumbe karibu wote wa mapangoni, jambo ambalo mahali pa kukimbilia uhai huonekana kama wazimu. Lakini kadiri mfuasi anavyodumu, ndivyo nguvu, akili na wepesi wa mikono yake vinavyoongezwa, na hupewa uwezo wa kuwapiga wenye mwendo wa kasi kwa kadiri ya kasi yao wenyewe. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo imegeuzwa kuwa sheria.

Kisha yupo Xom, ambaye hana sheria. Hapimi uchaji wa mfuasi wake. Humfanya mwanasesere, leo akimpa zawadi, kesho akimtupia mazimwi, ili mradi achekeshwe. Wapo wachezaji wanaomchagua kwa furaha ya ujana. Wengi wao hawadumu.

Na yupo Ru, ambaye pengine ndiye mwenye fundisho kubwa kuliko wote. Ru hudai kafara, si ya kuku wala mbuzi, bali ya sehemu ya shujaa mwenyewe. Kila mara huleta mapendekezo matatu: pengine uachane na matumizi ya mkono mmoja, au usahau kabisa tawi fulani la ujuzi, au upungukiwe uwezo mwingine unaoutegemea. Unachokitoa hupati tena, lakini kila kafara hukuongezea nguvu. Ukitaka kumwacha Ru, yeye hana ghadhabu. Atakuachia uende zako. Ila mkono ulioutoa haurudi.

Je, ni mungu gani aliye bora? Hilo ndilo swali ambalo mchezaji mgeni huuliza, nalo ndilo swali lisilo sahihi. Kwa mwenye shoka zito na akili isiyo ya vitabu, Trog ni ngao. Kwa mwenye kitabu cha uganga mkobani, Trog huyo huyo ni pingu. Mchezaji hodari, kabla ya kuzitazama madhabahu, huutazama mkoba wake. Huhesabu alichonacho, hupima anachokijua, hukumbuka ni pigo gani lililokaribia kumwua, kisha ndipo huinua macho.

GHARAMA YA KUGEUKA NYUMA

Tuchukue mfano. Shujaa mmoja ameingia Hekaluni na shoka lake, akamchagua Trog. Orofa mbili baadaye anaokota kitabu chenye uganga wa moto, mali ambayo mwezake angeitafuta siku nzima asiipate. Tamaa inamshika. Anafikiri: nitamwacha Trog, nitakuwa mganga. Anamwacha. Tangu dakika hiyo, kila baada ya muda, wapiganaji waliopandwa na mori humtokea kutoka pasipojulikana, na wale waliokuwa wakija kumsaidia sasa huja kumwua. Ghadhabu hiyo haipungui kwa kuombwa. Ikiwa shujaa huyo atafia orofa ya tisa, kitabu chake hakijasomwa hata nusu, mchezaji hataweza kusema kwamba hakuonywa.

Si kwamba kubadili ni mwiko wakati wote. Ipo miungu mitatu ya wema, yaani Zin, Elyvilon na yule aitwaye The Shining One, ambayo haimwadhibu mtu anayehama kutoka mmoja wao kwenda kwa mwingine. Lakini kwa miungu iliyo mingi, kuondoka kuna bei, na bei hiyo hulipwa wakati shujaa amekwisha kupoteza msaada wa yule wa kwanza na bado hajazoeana na wa pili. Mshika mbili moja humponyoka.

Kwa upande mwingine, wapo wanaoogopa kuchagua. Huzunguka Hekaluni kutoka madhabahu hii hadi ile, wakisoma na kusoma tena, kisha hutoka bila agano lolote wakitumaini kwamba huko chini kitatokea kilicho bora zaidi. Mchagua jembe si mkulima. Kuna jamii moja ya mashujaa ambayo, kwa sheria, haiwezi kumfuata mungu yeyote, kwa kuwa wana damu ya kimungu wao wenyewe. Hao hulipita Hekalu kama mtu apitavyo duka asilokuwa na haja nalo, na wachezaji hodari hushinda hata kwa mashujaa hao. Kukataa, basi, nako ni uamuzi unaoheshimika. Lakini kukataa kwa kujua unachokikataa si sawa na kuahirisha kwa woga.

Wapo na wale wasiopenda kungoja. Wakati mwingine, katika orofa za juu kabla ya Hekalu, huonekana madhabahu iliyofifia, isiyojulikana ni ya nani. Anayejifunga hapo hupewa mungu kwa bahati nasibu, na huongezewa kidogo uchaji wa kuanzia kama malipo ya ujasiri wake. Kwa mchezaji mkongwe ni burudani. Kwa mgeni ni kutia saini karatasi bila kuisoma.

SWALI LA IMANI

Baada ya kuyaeleza hayo, hatuwezi kulikwepa swali la mzazi wetu wa mwanzo. Je, mchezo huu unamfundisha kijana ushirikina?

Tuseme ukweli bila kutia chumvi. Miungu tuliyoitaja ni majina yaliyobuniwa na watungaji. Mchezaji hasali, anabonyeza kibonye. Hakuna imani inayodaiwa kwake zaidi ya ile inayodaiwa na hadithi za Abunuwasi au ngano za mazimwi ambazo bibi zetu walitusimulia jioni, na ambazo hazikutufanya tuyaabudu mazimwi. Katika mchezo, mungu ni mkataba: nipe hiki nikupe kile. Mwenye dini ya kweli anajua kwamba imani yake si mkataba wa namna hiyo, na kijana aliyelelewa vema ataiona tofauti hiyo mwenyewe kama ataulizwa.

Lakini tusimdharau mzazi mwenye wasiwasi. Mchezo huu una damu, una mizuka na mashetani, na wapo miungu wanaopendezwa na ukatili. Haufai kwa mtoto mdogo. Aidha, hula muda. Safari moja iliyofanikiwa huchukua saa nyingi, na safari zisizofanikiwa ni nyingi kuliko hizo. Kijana mwenye mitihani, au mfanyakazi anayerudi zamu ya usiku, anaweza kusema "orofa moja tu" hadi jogoo awike. Nyumba inayoona kwamba neno "mungu" lisitumike hivyo ndani ya kuta zake ina haki ya kuamua hivyo, na kijana anapaswa kuiheshimu haki hiyo. Tunachokisihi sisi ni kwamba uamuzi huo ufuate mazungumzo, usiyatangulie. Mzazi anayeizima mashine bila kuuliza amefanya kile kile kinachomwua mchezaji mgeni: ameamua kabla ya kusoma.

AMANI NI YA KUFIKIRI

Kwa maoni yetu, lililo kubwa katika Hekalu hili ni mpango wa watungaji wake kuliko miungu iliyomo. Walijua kwamba mtu anayefukuzwa hawezi kuchagua vema. Kwa hiyo, katikati ya mapango ya mauti, wakatenga mahali ambapo hakuna anayemfukuza mtu, wakamwandikia masharti yote waziwazi, wakamwacha aamue mwenyewe. Hawakumpa kitu kingine chochote. Hawakuweka humo hazina, ili asiingie kwa tamaa. Hawakuweka humo kazi, ili asifanye makao.

Ndugu msomaji, tujiulize ni maamuzi mangapi makubwa ya maisha yetu ya mjini ambayo huamuliwa huku adui ameshika mkia. Mkopo huchukuliwa usiku wa kuamkia siku ya kudaiwa kodi ya nyumba. Kijana huingizwa katika kazi asiyoijua kwa sababu baba amestaafu mwezi uliopita. Ndoa hufungwa kwa sababu majirani wameanza kusema. Fundi hutia kidole gumba kwenye mkataba ambao hajasomewa. Kila mmoja wao, akiulizwa baada ya mwaka mmoja, atasema kwamba hakuwa na nafasi ya kufikiri. Majuto ni mjukuu.

Familia inaweza kumtengenezea mtu wake nafasi hiyo. Haihitaji mawe wala chemchemi. Ni jioni moja bila kelele, ambapo kijana anayetaka kuchagua masomo, au binti aliyeletewa barua ya posa, au baba aliyeitiwa biashara na rafiki, anaketi na wenzake nyumbani na kuulizwa maswali matatu: una nini mkobani, agano hili linakukataza nini, na ukitaka kutoka utalipa nini? Anayeulizwa asikaripiwe, wala asiharakishwe, wala asiamuliwe. Na akishaamua, asiruhusiwe kuendelea kuketi humo milele, maana kesho inamngoja nje.

Anayeweza kuyajibu maswali hayo matatu na apande ngazi aende zake. Huko nje mazimwi yapo, lakini atakutana nayo akijua amefungamana na nani, na kwa nini.